Kabla Hujapewa Demani: Mwongozo wa Baharia wa Kujitolea

Siku ya kwanza chomboni hutapewa usukani, wala hutapewa kamba ya tanga. Utapewa upo, kile kikombeo cha maji, na utaonyeshwa ngama, chini kabisa ndani ya chombo yanakokusanyika maji. Usione umedharauliwa. Kila chombo cha mbao huingiza maji, na anayeyakomba bila kukumbushwa ndiye nahodha anayeanza kumwamini. Wahenga waliliona hilo zamani: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unataka kujifunza ubaharia wa tanga bila kuajiriwa. Unatoa mikono yako kwenye jahazi, mashua au ngalawa, na ujira wako ni elimu. Nimeupanga kwa utaratibu ambao wazee wa vyombo huufuata hata wasipoutamka: kwanza ujue mahali pako, kisha kamba yako, kisha upepo. Wanagenzi wengi hutaka kuanza na upepo kwa sababu ndiko kwenye raha. Wanaofanya hivyo huumia, au huumiza wenzao.

Kwa nini utaratibu huu

Injini ukiizima, inanyamaza. Tanga lililojaa upepo halizimwi. Nguvu yake yote hupita kwenye kamba chache, na kila kamba ina mtu wake. Mtu huyo akiachia mapema, akikaza kwa kuchelewa, au akisimama pasipo pake, wenzake wote wanalipa. Kwa hiyo nahodha hatafuti kwanza mwenye misuli. Anatafuta mtu anayesikia neno moja akalitenda hapo hapo, na ambaye akifunga kamba, hakuna haja ya mwingine kwenda kuikagua.

Unyenyekevu wa kuanzia chini hauwahusu wanagenzi peke yao. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyekuwa amekwisha kuizunguka dunia na meli yake ya matanga, mwaka 1938 aliomba nafasi kwenye jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Alifika nalo Zanzibar na delta ya Rufiji, wakapakia boriti za mikoko. Alijua bahari nyingi, lakini kamba za jahazi hakuzijua, akakubali kufundishwa. Kitabu chake kuhusu safari hiyo, *Sons of Sinbad*, kilitoka mwaka 1940.

## 1. Kupata nafasi

Usiende bandarini siku ya safari ukaomba kupanda. Siku hiyo kila mtu ana haraka, na nahodha hakujui. Nenda chombo kikiwa nchi kavu.

1. Tafuta chombo kilicho kwenye magadi. Vyombo hupandishwa ufukweni na kuegemezwa kwa miti ya kuvizuia visilale, ili vikaguliwe na kukarabatiwa. Matondoni kule Lamu, Nungwi Unguja na Jibondo karibu na kisiwa cha Mafia ni vijiji vinavyojulikana kwa mafundi wa vyombo. Popote penye vyombo vya mbao utakuta kazi hii.
2. Salimia kwanza, omba baadaye. Anza na mkubwa kuliko wote aliye pale. Mwamkie kwa heshima, jitambulishe jina na kwenu, mweleze kwamba unataka kujifunza na kwamba huombi malipo.
3. Fanya kazi ya siku hiyo. Huenda ikawa kukwangua chaza na majani ya bahari, kupitisha pamba kwa fundi anayekalafati, yaani anayeziba nafasi kati ya mbao, au kupaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaolinda mbao za chini dhidi ya wadudu. Hapo utauona mkuku, uti wa chini wa chombo, na mataruma, mbavu zake, kwa macho yako, na utajua maji huingilia wapi.
4. Rudi kesho. Na kesho kutwa. Kwenye kazi hii, kurudi ndiyo barua yako ya maombi.
5. Uliza kuhusu mashindano. Mashua za mashindano za Lamu huhitaji watu wengi, kwa sababu uzito wa mabaharia upande wa upepo ndio unaozuia chombo kisilale. Hii ni nafasi nzuri ya kwanza kwa anayejitolea: safari ni fupi, watu ni wengi, na pwani haiko mbali.
6. Waambie nyumbani. Jina la chombo, jina la nahodha, mnakokwenda, na saa mnayotarajiwa kurudi. Mtu wa nchi kavu asiyejua saa ya kurudi kwenu hawezi kujua kwamba mmechelewa.

Miradi nayo ipo. Flipflopi, jahazi lililotengenezwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya chini ya fundi Ali Skanda, lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Chombo cha namna hii huhitaji mabaharia, mafundi na pia watu wa kusafisha fukwe, na kila mlango kati ya hiyo unakufikisha karibu na tanga.

> KAGUA KABLA YA KUPANDA
>
> ☐ Kuna jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, nami nimelijaribu mwilini mwangu
>
> ☐ Nahodha amesikiliza utabiri wa hali ya hewa wa leo
>
> ☐ Kuna upo au ndoo zaidi ya moja
>
> ☐ Kuna nanga na amari (kamba yake) ya kutosha
>
> ☐ Kuna maji ya kunywa ya safari nzima na ziada
>
> ☐ Kuna simu iliyochajiwa, imefungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji
>
> ☐ Mzigo haujazidi, na ubavu wa chombo uko juu ya maji vya kutosha
>
> Kikikosekana kimojawapo, uliza kwa adabu. Usiporidhika, baki pwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, chombo kidogo hakina kazi baharini siku hiyo, na wewe mgeni huna kazi ndani yake.

## 2. Vitu vya kubeba

Beba vichache. Chombo hakina pembe ya kuhifadhi begi lako.

- Kofia yenye kamba ya kidevu, na shati la mikono mirefu. Jua la baharini huunguza mara mbili: kutoka juu, na kutoka kwenye maji.
- Suruali au kaptura isiyoning'inia. Nguo pana hunaswa na kamba.
- Kisu kidogo kilichofungwa kiunoni kwa ugwe. Kamba iliyomnasa mtu haisubiri uende kutafuta kisu.
- Tochi, hata kama mnategemea kurudi mchana.
- Tangawizi, tende, na maji yako mwenyewe.
- Kipande cha kamba cha mita 2 cha kufanyia mazoezi ya mafundo.

Vua pete, bangili na saa. Pete ikinaswa kwenye kamba yenye mzigo inaweza kuondoka na kidole.

Bahari ikikulevya, kaa katikati ya chombo, penye mtikisiko mdogo, na ukazie macho upeo wa bahari. Ukihisi kutapika, nenda upande wa demani, ule upepo unakoelekea, na umwombe mwenzako akushike. Hilo halina aibu. Lenye hatari ni kuficha hali yako hadi unakosa nguvu wakati kamba inakuhitaji.

## 3. Jua chombo kwa jina

Amri baharini ni neno moja au mawili. Ukiuliza "ipi hiyo?", wakati umekwisha. Jifunze majina haya kabla ya kutoka.

> MANENO YA KUANZIA
>
> Omo: mbele ya chombo. Tezi (au shetri): nyuma.
>
> Mlingoti: mti mkuu uliosimama. Foromali: mti mrefu wa mshazari unaobeba tanga.
>
> Henza: kamba nene ya kupandishia foromali. Jarari: kamba ipitayo kwenye kapi kusaidia kuivuta.
>
> Demani: kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, inayolikaza au kulilegeza, pia upande upepo unakoelekea.
>
> Joshi (au goshi): pembe ya mbele ya tanga, inayofungwa omoni, joshini ni upande upepo unakotoka.
>
> Usukani na kana: ubao wa majini unaoelekeza chombo, na mti wa kuushikia.
>
> Farumi: uzito wa kutuliza chombo, mara nyingi viroba vya mchanga au mawe.
>
> Ngama: chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakokusanyika.
>
> Kutweka tanga ni kulipandisha. Kutua ni kulishusha. Kubisha ni kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo.

Majina hubadilika kidogo kutoka Lamu hadi Pemba, na kutoka Pemba hadi Kilwa. Usibishane. Jina sahihi la kamba ni lile analoliita nahodha wako.

Zoezi. Chombo kikiwa kimetia nanga, fumba macho. Mwenzako ataje kamba, nawe uiendee na kuishika kwa kupapasa. Ukifaulu kwa kamba zote, uko tayari kwa safari ya usiku. Kabla ya hapo, usiku kaa pale ulipoambiwa.

## 4. Mahali: pa kusimama na pa kutosimama

Haya ni masomo ya usalama wako, na huja kabla ya kazi yoyote.

1. Usisimame ndani ya mkunjo wa kamba. Kamba iliyolala sakafuni huonekana imelala tu. Tanga likituliwa, inakimbia. Nilipokuwa mgeni nilisimama katikati ya mkunjo wa henza wakati tanga linashuka. Mzee aliyekuwa nyuma yangu hakusema neno. Alinishika bega akanivuta, na papo hapo kamba ikapita pale mguu wangu ulipokuwa.
2. Usisimame chini ya foromali inapopanda au kushuka. Ni mti mzito, mara nyingi miti miwili au zaidi iliyoungwa kwa kamba.
3. Usisimame katikati ya demani na ubavu wa chombo. Tanga likijaa ghafla, kamba hunyooka na kukutupa majini.
4. Usimzibe mshika usukani. Anahitaji kuona omo na tanga.
5. Usihame upande bila kuambiwa. Mwili wako ni sehemu ya farumi. Kilo 70 zikitoka joshini kwenda demani wakati wa kipepo, upepo wa ghafla, chombo kinaweza kulala.
6. Siku zote shika kitu kisichosogea. Mkono mmoja ukifanya kazi, mwingine uwe umeshika ubavu au mlingoti.

Uliza swali hili kila unapopanda chombo kipya: "Nahodha, mkipindua tanga, nikae wapi?" Swali hilo moja litamwonyesha kwamba una akili ya bahari.

## 5. Kamba: mafundo matatu na namna ya kuvuta

Huhitaji mafundo ishirini. Unahitaji matatu ambayo mikono yako inayajua gizani, ikiwa imelowa, huku chombo kinakwenda mrama.

Fundo la kwanza: kitanzi kisichokaza. Ni la kuweka kwenye nguzo ya gati, au kumzunguka mtu anayeokolewa. Halimkabi, na hata likivutwa sana bado hufunguka.

1. Acha ncha ya kamba iwe ndefu kutosha ukubwa wa kitanzi unachotaka.
2. Tengeneza tundu dogo kwenye kamba, upande unaokwenda kwenye ncha ukilala juu ya upande unaokwenda kwenye mzigo.
3. Pitisha ncha kwenye tundu kutoka chini kwenda juu.
4. Izungushe nyuma ya upande wa mzigo.
5. Irudishe kwenye tundu lile lile, kutoka juu kwenda chini.
6. Kaza: vuta upande wa mzigo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ncha pamoja na ubavu wa kitanzi.

Fundo la pili: mizunguko miwili mtini. Zungusha kamba mara mbili kwenye mti, kisha funga mafundo mawili madogo juu ya kamba yenyewe. Mizunguko ndiyo inayobeba mzigo, kwa hiyo unaweza kufungua mafundo bila kamba kukuponyoka.

Fundo la tatu: la kufyatua. Unapofunga la mwisho, usipitishe ncha yote. Pitisha kamba iliyokunjwa. Ukivuta ncha, fundo lote linaachia mara moja. Hili ndilo fundo la demani. Demani iliyofungwa kwa fundo la kudumu ni sababu ya zamani ya vyombo kupinduka: kipepo kinafika, tanga linajaa, na hakuna awezaye kulilegeza kwa wakati.

Namna ya kutweka tanga

1. Hakikisha demani iko huru. Tanga likijaa upepo kabla foromali haijafika juu, mtakuwa mnavuta upepo pamoja na mti.
2. Chukua nafasi yako kwenye henza au jarari. Panua miguu, piga magoti kidogo.
3. Vuta kwa uzito wa mwili na nguvu ya miguu. Mikono iwe ya kushika tu.
4. Fuata mwito. Harambee, neno lililomo kwenye nembo ya taifa la Kenya, ni mwito wa kuvuta pamoja. Watu watano wanaovuta kwa pigo moja huwashinda kumi wanaovuta kila mtu kwa wakati wake.
5. Kati ya mvuto na mvuto, wa mwisho azungushe kamba kwenye mti ili isirudi.
6. Foromali ikifika, usiachie hadi usikie kwamba imefungwa.
7. Kunja kamba iliyobaki kwa mizunguko mipana, ncha ya kufungulia ikiwa juu. Mtakapotua tanga, itakimbia bila kufungana.

> ONYO
>
> Usizungushe kamba mkononi mwako ili upate nguvu. Ikivutwa na upepo, itakwenda na mkono. Kamba ikikuponyoka, iachie. Ukiing'ang'ania ikikimbia itakuchuna ngozi ya viganja. Piga kelele, wenzako wajue.

## 6. Upepo: kuusoma kabla ya kuutumia

Sasa mahali unapajua na kamba unazijua. Hapo upepo huanza kuwa na maana.

Hatua za kuutambua

1. Geuza uso polepole hadi uusikie sawasawa kwenye mashavu yote mawili. Huko unakotazama ndiko unakotoka, ndiko joshini.
2. Thibitisha kwa macho: bendera, moshi wa pwani, viwimbi vidogo juu ya maji.
3. Tazama mbali upande wa joshini. Doa jeusi linalotembea juu ya maji ni kipepo kinakuja. Sema kwa sauti. Mgeni mwenye macho mazuri ana faida kubwa kwa nahodha hata kama bado hajui kufunga demani.
4. Kipepo kikifika, anayeshika demani huilegeza kidogo, tanga linamwaga upepo, chombo kinainuka. Kikipita, huikaza tena. Mtazame anavyofanya kwa siku nyingi kabla ya kuomba kushika wewe.

Misimu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa kawaida ni tulivu zaidi. Kusi hushika baada ya hapo na huwa kali hasa katikati ya mwaka, Juni hadi Agosti. Kati ya pepo hizo mbili kuna tanga mbili, kipindi cha upepo unaobadilika. Ukipata nafasi ya kuchagua, anza kujifunza wakati wa kaskazi. Kusi ya Julai haimfai mtu ambaye bado anatafuta mahali pa kusimama.

Maji. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, na tofauti ya kina kwenye pwani yetu hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa karibu saa nne. Mkikosea hesabu, chombo kitakaa juu ya mchanga au mwamba mkiwa mnatazamana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hupungua. Jizoeze kuutazama mwezi kila usiku na kukisia maji ya kesho, kisha nenda ufukweni ukajisahihishe.

## 7. Kupindua tanga: saa ya kukaa kimya

Hakuna wakati wenye hatari kwa mgeni kama chombo kinapobadili upande. Tanga la jahazi hukaa upande wa demani wa mlingoti, kwa hiyo kubadili upande ni kuvusha foromali na tanga zima. Kwa kawaida mambo huenda hivi:

1. Nahodha hutangaza. Mazungumzo yote hukoma.
2. Mshika usukani hugeuza chombo hadi upepo uje kutoka tezini.
3. Demani huachiwa. Tanga hupeperuka mbele.
4. Foromali husimamishwa karibu wima ubavuni mwa mlingoti.
5. Demani na tanga hupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande mpya.
6. Kamba za kushikilia mlingoti hufunguliwa na kufungwa upande mpya wa joshini.
7. Farumi na watu huhamia joshini. Demani huvutwa, tanga linajaa, chombo kinashika mwendo.

Katika safari zako za kwanza, kazi yako hapo ni moja: kuinama mahali ulipopangiwa, na kuhama unapoambiwa. Hesabu hatua hizo kimoyomoyo kila mara. Utakapoweza kujua hatua inayofuata kabla haijatajwa, mwambie nahodha kwamba uko tayari kupewa kamba moja.

Ukipewa kana. Kumbuka kwamba kana huenda kinyume na omo: ukiisukuma kushoto, omo huenda kulia. Chagua alama ya mbali, mnazi, mnara au nyota, na uiweke mahali pamoja juu ya omo. Sogeza kidogo, subiri chombo kijibu, kisha sogeza tena. Wageni husukuma sana, wakarekebisha sana, na njia yao ikawa ya nyoka.

## 8. Mambo yakiharibika

> MTU AKIANGUKA MAJINI
>
> 1. Piga kelele: "Mtu majini!" na utaje upande.
> 2. Mnyooshee kidole na usimwondolee macho hata kidogo. Kazi hiyo ni ya mtu mmoja, na anaweza kuwa wewe.
> 3. Wengine wamtupie chochote kinachoelea: boya, dumu tupu lililofungwa, jaketi.
> 4. Usiruke kumfuata. Chombo cha tanga hakisimami papo hapo, na watu wawili majini ni kazi mara mbili.
> 5. Subiri amri ya nahodha ya kugeuza au kutua tanga.
>
> CHOMBO KIKIPINDUKA
>
> 1. Jitoe chini ya tanga na kamba. Ukinaswa, tumia kisu.
> 2. Shikilia chombo. Kikielea, usikiache kwa kudhani pwani iko karibu. Mkondo una nguvu kuliko mikono yako, na waokoaji huona chombo kabla ya kichwa cha mtu.
> 3. Hesabuni watu kwa majina.
> 4. Mwenye simu apige 112, Kenya au Tanzania, aseme mahali, idadi ya watu na aina ya chombo.

## 9. Makosa ya kawaida

- Kujibu "ndiyo" bila kuelewa. Rudia amri kwa sauti: "Nalegeza demani." Ukikosea, utasahihishwa kabla ya kutenda.
- Kusaidia bila kuombwa. Kushika kamba ya mwenzako ni kumtia katika hatari. Subiri uitwe.
- Kutoa amri. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukiona hatari, itaje; uamuzi ni wa nahodha.
- Kupiga picha wakati wa kazi. Mkono wenye simu haushiki kitu.
- Kuondoka chombo kikitia nanga. Kukomba maji, kukunja tanga, kuosha sakafu na kuanika kamba ni nusu ya ubaharia. Anayebaki kufanya hayo ndiye anayeitwa safari ijayo.
- Kulipuuza jaketi kwa kuwa wenzako hawajalivaa. Wao wameishi na bahari tangu utotoni, na hata wao huzama. Vaa lako.

> UKIWA UGHAIBUNI
>
> Wasomaji mlio Marekani mnaweza kuanza kwenye meli za makumbusho zinazotunzwa na kusafirishwa na watu wa kujitolea. San Diego kuna Star of India, meli ya chuma iliyoshushwa majini mwaka 1863 katika kisiwa cha Man. Galveston kuna Elissa, iliyoundwa Aberdeen mwaka 1877. Huko kamba ni nyingi mno, na kila moja ina kigingi chake kisichobadilika, ili ipatikane hata gizani. Wanaojitolea hufundishwa meli ikiwa imefungwa gatini kabla ya kuruhusiwa kusafiri nayo, na wanaopanda juu ya milingoti huvaa mikanda ya usalama. Utaratibu ni ule ule: mahali, kamba, upepo.

## 10. Jipime

Baada ya miezi michache, jiulize haya kwa ukweli. Usihamie swali linalofuata kabla hujaweza kusema ndiyo.

☐ Najua mahali pangu katika kila kazi ya chombo hiki, bila kuonyeshwa.

☐ Naweza kuipata kila kamba nikiwa nimefumba macho.

☐ Nafunga mafundo matatu nyuma ya mgongo wangu, mikono ikiwa imelowa.

☐ Natambua kipepo kabla hakijafika na kukitaja.

☐ Kwa kuutazama mwezi, nakisia saa ya maji ya kesho.

☐ Nahodha hageuki tena kukagua kamba niliyoifunga.

Hilo la mwisho huwezi kujipa mwenyewe. Litakuja siku usiyoitarajia: nahodha ataikabidhi demani mkononi mwako, kisha ataendelea kutazama mbele. Ishike kwa mikono miwili, macho yako yawe joshini. Na mkifika, mkishatia nanga, angalia kama kuna mgeni aliyesimama pembeni hajui la kufanya. Mpe upo, umwonyeshe ngama, umwambie pa kusimama.